Wasifu kazi

Wasifu kazi (huandikwa pia *wasifukazi*, hujulikana zaidi kwa kifupi CV, kutoka Kilatini *curriculum vitae*, yaani "mwendo wa maisha") ni hati fupi ambayo mtu anayeomba kazi huitumia kumweleza mwajiri elimu, ujuzi na uzoefu wake. Katika matangazo ya kazi ya serikali nchini Tanzania hati hiyo huitwa mara nyingi "maelezo binafsi". Nchini Marekani huitwa *resume*, neno lililotokana na Kifaransa lenye maana ya muhtasari.

Wasifu kazi hausimulii maisha yote ya mtu, wala haumpatii mtu ajira moja kwa moja. Humsaidia mwajiri kuchagua, kati ya maombi mengi, watu wachache wa kuitwa kwenye usaili (nchini Kenya: mahojiano). Kwa sababu hiyo wasifu kazi unaofaa huwa na sifa mbili: unajibu mahitaji ya kazi iliyotangazwa, na kila jambo lililoandikwa ndani yake linaweza kuthibitishwa, ama kwa hati ama kwa mtu aliyelishuhudia.

## Historia

Barua ya Leonardo da Vinci kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, iliyoandikwa takriban mwaka 1482, hutajwa mara nyingi kama mfano wa kale wa wasifu kazi. Leonardo alikuwa na umri wa miaka 30 hivi na alikuwa tayari mchoraji. Hata hivyo hakuanza kwa uchoraji. Mtawala huyo alihitaji zana za vita, kwa hiyo Leonardo aliorodhesha kwa namba mambo anayoweza kumfanyia: madaraja mepesi ya kubebeka, namna ya kuondoa maji kwenye mahandaki ya ngome, mizinga, na magari yaliyofunikwa. Usanifu wa majengo, uchongaji na uchoraji aliviweka mwishoni. Alimaliza kwa kusema kwamba yuko tayari kuyafanyia majaribio mbele ya mtawala mambo yoyote yatakayoonekana kuwa hayawezekani.

Katika karne ya 20 makampuni makubwa na utumishi wa umma vilipanuka, na waajiri wakapokea maombi kutoka kwa watu wasiowafahamu. Hapo hati ya namna hii ikawa jambo la kawaida, kwanza kwa mkono, kisha kwa taipureta na kompyuta. Tangu miaka ya 1990 intaneti imewezesha maombi kutumwa kwa barua pepe na kupitia tovuti za ajira. Umoja wa Ulaya ulianzisha muundo wa pamoja unaoitwa Europass ili wasifu wa mtu wa nchi moja usomeke kwa urahisi katika nchi nyingine.

## Tofauti na barua ya maombi

Wasifu kazi huambatana na barua ya maombi ya kazi, lakini hati hizo mbili hazifanyi kazi moja. Barua huandikwa kwa aya, huelekezwa kwa mwajiri mmoja, hutaja nafasi inayoombwa na hueleza kwa nini mwombaji anaifaa. Wasifu kazi hupangwa kwa vichwa na orodha, na hutoa taarifa ambazo barua inazitegemea. Barua inayorudia orodha yote ya vyeti humchosha msomaji. Vilevile wasifu uliojaa maneno ya kuomba na kusihi huwa umechukua kazi ya barua.

## Sehemu zake

Hakuna muundo mmoja unaokubalika duniani kote, lakini sehemu zifuatazo hupatikana karibu kila mahali.

* Jina na mawasiliano. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vyeti. Hufuatwa na anwani, namba ya simu inayopatikana na anwani ya barua pepe. Anwani ya barua pepe inayotokana na jina la mtu hufaa kuliko ile yenye jina la utani.
* Muhtasari. Mistari miwili au mitatu inayosema mwombaji ni nani kitaaluma na ana nini kinachohitajika katika nafasi hiyo. Sehemu hii si ya lazima.
* Uzoefu wa kazi. Huanza na kazi ya karibuni zaidi na kurudi nyuma. Kila kazi hutajwa kwa cheo, jina la mwajiri, mahali, na mwezi na mwaka wa kuanza na kumaliza. Chini yake huorodheshwa majukumu na matokeo.
* Elimu na mafunzo. Nayo huanza na ya karibuni. Hutajwa jina la cheti, shule au chuo, na miaka.
* Ujuzi. Lugha, matumizi ya kompyuta, leseni ya udereva na madaraja yake, usajili wa bodi ya taaluma na ufundi mwingine unaohusu kazi inayoombwa.
* Wadhamini. Watu wawili au watatu wanaoweza kueleza kazi na tabia ya mwombaji, pamoja na vyeo vyao na namba zao za simu.

Mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi hutanguliza kazi. Mhitimu ambaye hajaajiriwa bado hutanguliza elimu.

## Kanuni za uandishi

### Kuanza na tangazo

Kabla ya kuandika, mwombaji husoma tangazo la kazi na kupigia mstari sifa zinazotakiwa. Kwa kila sifa hutafuta katika maisha yake jambo linaloithibitisha. Sifa ya lazima asiyokuwa nayo kabisa haiwezi kuzibwa kwa maneno. Sifa aliyo nayo lakini hakuiandika haitajulikana na anayechuja maombi, maana yeye husoma karatasi na si mtu. Ndiyo maana wasifu mmoja uliotumwa kwa waajiri ishirini bila kubadilishwa mara nyingi haumfai hata mmoja.

Waajiri wengine hutumia programu za kompyuta kuchuja maombi. Programu hizo hutafuta maneno yaliyomo kwenye tangazo, na baadhi yake hushindwa kusoma maandishi yaliyowekwa ndani ya picha, majedwali au safu mbili. Kwa sababu hiyo maandishi ya kawaida yenye vichwa vilivyo wazi ni salama zaidi kuliko mapambo. Tangazo likitaja aina ya faili, kwa kawaida PDF, agizo hilo hufuatwa.

### Kusema kilichofanyika

Maneno kama "mchapakazi", "mwaminifu" na "ninaweza kufanya kazi katika mazingira yoyote" hupatikana katika maombi ya watu wengi, na hayamtofautishi mwombaji na mwenzake. Msomaji hushawishika zaidi na kitendo, kiasi na muda. Linganisha:

* *Hafifu:* Nilifanya kazi dukani na nilikuwa mwaminifu sana.
* *Wazi:* Muuzaji, duka la vifaa vya ujenzi, Mbeya, Januari 2021 – Juni 2023. Kuhudumia wateja, kuandika daftari la mauzo ya kila siku, kuhesabu bidhaa zilizobaki kila mwisho wa mwezi, kupeleka fedha benki.

Katika mfano wa pili neno "mwaminifu" halimo, lakini msomaji anaona mtu aliyekabidhiwa fedha kwa miaka miwili na nusu. Tarakimu huongezwa pale zinapojulikana kwa hakika: idadi ya wanafunzi waliofundishwa, ukubwa wa shamba lililosimamiwa, idadi ya nyumba zilizofungwa umeme. Tarakimu ya kubuni ni hatari, kwa kuwa ndilo jambo la kwanza ambalo msaili huuliza.

### Urefu na lugha

Kwa kazi nyingi kurasa mbili zinatosha, na kwa kijana anayeanza ukurasa mmoja hutosha. Wahadhiri na watafiti huandika wasifu mrefu zaidi kwa sababu huorodhesha machapisho yao. Lugha ni ile iliyotakiwa na tangazo. Nchini Tanzania matangazo mengi ya serikali huruhusu barua ya maombi iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Huko Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo Kifaransa hutumika sana. Kuandika kwa lugha asiyoimudu mtu humletea taabu mara mbili: makosa kwenye karatasi, na aibu kwenye usaili pale msemaji anaposhindwa kufuata maandishi yake mwenyewe.

Makosa ya tahajia hupunguza imani ya msomaji, hasa kwa kazi za uandishi, ualimu, ukatibu na uhasibu. Njia rahisi ya kuyapata ni kumpa mtu mwingine asome, kwa sababu mwandishi huona alichokusudia badala ya alichoandika.

## Mwombaji asiye na uzoefu

Kijana aliyemaliza shule au chuo mara nyingi hudhani kwamba hana la kuandika. Hata hivyo uzoefu si ule wa kuajiriwa kwa mshahara tu. Mambo yafuatayo huingia kwenye wasifu kazi iwapo yanahusu kazi inayoombwa na kuna mtu anayeweza kuyathibitisha:

* mafunzo kwa vitendo wakati wa masomo;
* kazi ya kujitolea shuleni, kwenye zahanati, kwenye shirika au kwenye nyumba ya ibada;
* kazi katika duka, shamba au karakana ya familia;
* uongozi wa wanafunzi, au utunzaji wa fedha za kikundi cha kuweka na kukopa;
* kazi za muda kama kuhesabu watu wakati wa sensa au kusimamia kituo cha kupigia kura.

Kwa mfano, mhitimu wa chuo cha ufundi anayeomba kazi ya fundi umeme anaweza kuandika hivi:

> Elimu na mafunzo
> Cheti cha ufundi umeme, chuo cha ufundi stadi, 2022–2023
> Cheti cha kidato cha nne, 2021
>
> Uzoefu
> Mafunzo kwa vitendo, kampuni ya ufungaji umeme, Morogoro, Julai – Septemba 2023: kutandaza nyaya katika nyumba sita za makazi chini ya fundi mkuu; kupima mifumo kabla ya kuwashwa.
> Msaidizi wa fundi, kazi za muda, Oktoba 2023 hadi sasa: kurekebisha hitilafu za majumbani, kuandaa orodha ya vifaa na gharama kwa wateja.
>
> Wadhamini
> Mkufunzi wa chuo. Fundi mkuu aliyesimamia mafunzo.

Katika wasifu halisi majina ya chuo, kampuni na wadhamini hutajwa kikamilifu. Mfano huu hauna sifa ya kujisifu, lakini unaonyesha mtu aliyesoma, aliyefanya kazi chini ya usimamizi na anayeendelea na kazi hiyo.

Muda ambao mtu hakuwa kazini, kwa mfano kwa kulea mtoto, kumuuguza mzazi au kuumwa, hauna haja ya kufichwa kwa kubadilisha tarehe. Mstari mmoja wa kueleza, au jibu fupi wakati wa usaili, hutosha. Tarehe zilizobadilishwa hugongana na vyeti, barua za ajira au kumbukumbu za mifuko ya hifadhi ya jamii.

## Wadhamini

Mdhamini ni mtu aliyewahi kumsimamia, kumfundisha au kufanya kazi na mwombaji. Ndugu wa karibu hafai, hata akiwa na cheo kikubwa. Adabu na busara zinataka mdhamini aombwe ruhusa kabla jina lake halijaandikwa, aelezwe ni kazi gani inaombwa, na apewe nakala ya wasifu. Mdhamini anayepigiwa simu na mwajiri na kuuliza "huyo ni nani?" huharibu maombi yaliyokuwa mazuri. Namba za simu za wadhamini zikaguliwe kila mara wasifu unapotumwa upya.

## Taratibu katika Afrika Mashariki

### Tanzania

Nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwa mfumo wake wa kielektroniki, Ajira Portal. Matangazo yake hutaka kwa kawaida maelezo binafsi yanayojitosheleza, yenye anwani na simu zinazotumika pamoja na wadhamini watatu wa kuaminika, cheti cha kuzaliwa, na nakala za vyeti vya elimu na taaluma zilizothibitishwa. Hati za matokeo za muda hazipokelewi mahali pa vyeti. Waliosoma nje ya nchi hutakiwa vyeti vyao vihakikiwe na chombo kinachohusika: Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) au Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET).

Tatizo linalowapata waombaji wengi ni majina yasiyolingana. Mtu anaweza kuwa na majina mawili kwenye cheti cha kidato cha nne, matatu kwenye stashahada, na herufi tofauti kwenye cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha taifa. Anayepokea maombi hana njia ya kujua kwamba ni mtu mmoja. Tofauti hizo hurekebishwa kwa hati za kisheria za majina, na shughuli hiyo huchukua muda. Kwa hiyo hufaa ifanywe kabla tangazo halijatoka, kwa kuwa muda wa kutuma maombi mara nyingi ni wiki mbili hivi.

### Kenya

Nchini Kenya kazi za serikali ya kitaifa hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma, na za walimu wa shule za umma na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Wanaochaguliwa kwa nafasi nyingi za umma hutakiwa kuonyesha hati zinazohusiana na sura ya sita ya Katiba ya 2010 juu ya uongozi na maadili. Miongoni mwake ni cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi, hati ya mamlaka ya ushuru (KRA), na hati ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu (HELB).

## Ukweli na uhakiki

Kughushi cheti ni kosa la jinai, na udanganyifu katika wasifu kazi huweza kumfikia mtu miaka mingi baada ya kuajiriwa. Mfano unaojulikana zaidi Tanzania ni uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Tarehe 28 Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki huo mjini Dodoma. Ilitaja watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na rais aliagiza waondolewe kazini. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wametumikia muda mrefu. Mwaka 2022 serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan iliamua kuwarejeshea watumishi hao michango waliyokuwa wamekatwa kwa ajili ya hifadhi ya jamii, lakini kazi zao hawakurudishiwa kwa hatua hiyo.

Si kila udanganyifu ni wa cheti. Kuongeza cheo, kurefusha muda wa kazi au kudai ujuzi wa programu ya kompyuta asiyoijua mtu hugunduliwa kwa simu moja kwa mwajiri wa zamani au kwa jaribio la vitendo la nusu saa.

## Taarifa binafsi na ubaguzi

Nchi hutofautiana kuhusu taarifa binafsi zinazopaswa kuandikwa. Nchini Marekani na Uingereza mwombaji kwa kawaida haandiki umri, dini, hali ya ndoa wala kuweka picha, ili mwajiri asipate nafasi ya kubagua. Ujerumani picha ilikuwa desturi kwa muda mrefu, na wengi bado huiweka. Japani kuna fomu ya kawaida iitwayo *rirekisho*; katika mfano uliotolewa na wizara ya kazi mwaka 2021, kujaza jinsia ni hiari. Katika Afrika Mashariki tarehe ya kuzaliwa na uraia bado huandikwa mara nyingi, maana matangazo mengi ya serikali huweka masharti ya umri na uraia.

Ubaguzi unaoanzia kwenye karatasi umechunguzwa na wataalamu. Mwaka 2004 wanauchumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha matokeo ya jaribio lao katika miji ya Boston na Chicago. Walituma takriban wasifu 5,000 wa kubuni kujibu matangazo ya kazi, wakiweka majina yanayodhaniwa kuwa ya Wazungu au ya Wamarekani Weusi. Wasifu wenye majina ya Kizungu uliitwa kwa asilimia 50 zaidi, ingawa sifa zilikuwa zilezile.

Nchini Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na kuishi na VVU, na kinga hiyo inawahusu pia wanaoomba kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina kifungu kinachofanana nayo. Kwa hiyo kabila, dini na hali ya afya havina nafasi katika wasifu kazi wa kawaida.

## Ulaghai dhidi ya waombaji

Wasifu kazi hubeba taarifa ambazo matapeli huzitafuta: jina kamili, simu, tarehe ya kuzaliwa na mahali pa kuishi. Matangazo ya uongo hukusanya taarifa hizo au hudai fedha za "fomu", "usajili", "vipimo" au "usafiri" kabla ya usaili. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba mawakala binafsi wa ajira wasiwatoze wafanyakazi ada, isipokuwa katika hali maalumu zilizoruhusiwa. Uangalifu zaidi unahitajika kwa kazi za nje ya nchi, zikiwemo zile za nchi za Ghuba, ambako mwombaji hukabidhi hata pasipoti yake kwa wakala.

Kabla ya kutuma hati, mwombaji hulinganisha tangazo na tovuti au ofisi ya mwajiri anayetajwa, na humpigia mwajiri simu kwa namba aliyoipata mwenyewe, si ile iliyo kwenye tangazo. Namba za kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki na nywila haziandikwi kwenye wasifu kazi.